Fahali wa Uani

Niseme mapema kwamba kobe alikuwa wangu. Baba aliniletea nikiwa darasa la nne, ndani ya kiondo, siku aliyorudi kutoka safari moja ya kazi yake ya reli, na akasema mbele ya kila mtu kuwa huyu ni wa msichana. Ndugu yangu mdogo alilia mpaka akatapika. Kilio hicho nakikumbuka kwa raha hadi leo. Katika mambo haya mimi si mtu mwema sana, na ni afadhali ijulikane sasa. Kwamba kobe ni mnyama wa serikali na anahitaji kibali, hilo tulikuja kuambiwa baadaye sana, akiwa ameshakula sukuma wiki yetu zaidi ya miaka ishirini.

Nyumba yetu iko mjini, mtaa wa Umoja, ni mojawapo ya zile chache ambazo hazijapandishwa ghorofa. Majirani wamejenga kwenda juu kila upande, kwa hiyo jua hufika uani kwetu saa nne asubuhi na kuondoka saa nane, kama karani mwenye udhuru. Kuna matuta mawili ya mboga, tangi la maji, kamba ya nguo, na kipande cha saruji kati ya tangi na geti. Mama alipofariki mimi ndiye niliyerudi kukaa na baba. Miaka minane nilimpikia chai, nikampeleka kliniki, na jioni nikitoka kazini tulikaa kwenye viti viwili karibu na mlango wa jikoni, tukimtazama kobe akitafuna. Hatukuongea sana, na mimi sikutaka kingine.

Halafu ndugu yangu akarudi kutoka Kayole. Ndoa ilikuwa imemshinda. Alikuja na begi moja na karai lililofunikwa kwa gunia, na ndani ya karai mlikuwa na kobe.

"Niaje, siste," akaniambia. "Huyu wako amekaa solo sana. Nimemletea beshte."

Baba alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi ya mama. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini kwetu jembe liliendelea kuwa langu na mgeni akapewa kiti changu. Nilirudi kutoka kazini nikawakuta wamekaa hapo, magoti yakikaribia kugusana, wanaongea lugha ya nyumbani kwa kasi ambayo mimi siiwezi, na mazungumzo yenyewe ni ya mafahali.

Hapo ndipo pananiuma zaidi. Baba anatoka magharibi, kule ambako mafahali hupiganishwa asubuhi na mapema, umande ukiwa bado kwenye nyasi, ngoma za isukuti zikitangulia. Kila Desemba tulipoenda nyumbani, baba alimwamsha ndugu yangu gizani wakaondoka pamoja. Mimi nilibaki na nyanya kumenya ndizi. Niliuliza mara moja tu, nikaambiwa wasichana hawaendi. Wakirudi, ndugu yangu alikuwa na matope hadi magotini na hadithi za wiki nzima, na baba alikuwa amemshika begani. Mimi nilizisikia zile ngoma kwa mbali, sufuria ikiwa mikononi.

Siku ya tatu makobe walipigana. Mgeni alikuwa mdogo kidogo, ganda lake jeusi zaidi, na alikuwa amejilaza kwenye tuta ambalo wangu alilipenda. Wangu alimwendea akitikisa kichwa juu na chini, kisha akarudi ndani ya ganda na kumgonga ubavuni. Ko. Akarudi nyuma, akagonga tena. Sikuwa najua kwamba mnyama niliyemlea anaweza kuwa na hasira kama hiyo. Alikuwa na kile kipande cha ganda kinachochomoza chini ya shingo, na alikitumia kama koleo, akitafuta kumwinua mwenzake.

Nikasema mafahali wawili hawakai zizi moja, nikikusudia kwamba aliyekuja na karai aondoke na karai. Baba akasema hapana, waachwe. Kwao, alisema, fahali wawili hupigana mpaka mmoja ageuze mgongo akimbie, na baada ya hapo kila mmoja anajua nafasi yake, amani inakuja. Akaleta kiti kingine kutoka sebuleni, akakipigapiga kwa kiganja.

"Mama, keti hapa," akasema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Wako ndiye anaingia uwanjani."

Nikakaa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimekaa kando ya baba kwenye mapigano ya mafahali.

Kuanzia hapo ikawa desturi. Nilitoka kazini mbio, nikabadilisha viatu, viti vikatolewa. Wangu alishinda karibu kila jioni. Baba alimsifu kwa lugha ya nyumbani, sifa zile hasa wanazopewa mafahali, na alipomaliza kumsifu kobe aligeuka kunitazama mimi, mwenye fahali. Ndugu yangu alicheka na kushangilia hata wake aliposhindwa. Hilo pia lilinikera. Ningefurahi zaidi kama angenuna.

Mwezi wa tano nilipita Kariobangi, kwenye agroveti moja, kununua dawa ya mguu wa kobe wangu uliokuwa na jeraha la kuumwa. Muuzaji aliuliza wako wangapi. Nilipomweleza, aliacha kufunga dawa.

"Madam, hao ni madume wawili. Usiwaweke pamoja. Atakuja kumpindua mwenzake kwa jua, na akipinduka kwa saruji hainuki."

Akanieleza yote bila haraka. Niweke ukuta katikati, na usiwe wa waya, kwa sababu wakionana watashinda wakitembea kando ya waya wakitafutana mpaka wajiumize. Niweke mabati, yafukiwe ardhini shubiri moja ili asiyechimba leo asichimbe kesho. Kila mmoja awe na sahani yake, maji yake, na kivuli chake. Nilimshukuru. Nikatembea hadi stejini nikijua vizuri kabisa nitakachofanya, yaani nitanyamaza. Mabati yakiwekwa, viti vinarudi viwili, na mimi najua ni nani angebaki amesimama.

Nikanyamaza mwezi mzima, mgeni akizidi kukonda. Alikuwa ameacha kula mchana. Alijibanza nyuma ya tangi, na wangu alimfuata huko huko.

Jumamosi moja, tukila chakula cha mchana, baba alisema kwamba chumba cha nyuma, ambacho wapangaji walikuwa wamekihama, atakaa ndugu yangu. Alilisema hilo huku akichota ugali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Chumba hicho nilikuwa nimekiomba miaka miwili, niweke cherehani yangu na meza ya kukatia. Ndugu yangu akaniangalia, akasema kama siste alikuwa anakitaka, yeye hana noma, anaweza kulala sebuleni. Baba akasema mwanamume mzima halali sebuleni kwa baba yake. Nilisema sawa. Niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baba huenda ibada ya kwanza, mimi ya pili. Ndugu yangu alikuwa ametoka kwenda uwanjani kutazama mpira. Nilifunga mlango, Biblia mkononi, nikageuka kuelekea geti, na hapo kwenye saruji mgeni alikuwa amelala chali. Jua ndilo kwanza linafika. Miguu yake minne ilipiga hewa polepole, kisha ikapumzika, kisha ikapiga tena. Wangu alikuwa ameshamwacha, anatafuna sukuma.

Nilisimama. Ilihitaji kuinama tu na mkono mmoja. Nilikuwa nimemwona akijigeuza mwenyewe mara mbili, ila hiyo ilikuwa kwenye udongo wa tuta, na mtu wa agroveti alikuwa ameniambia habari za saruji kwa mdomo wake. Nilijiambia kwamba nimechelewa. Nilijiambia kwamba mwenye kobe yuko, aje amwinue kobe wake, kama vile anavyopewa vyumba. Nikamzunguka, nikafungua geti, nikalifunga taratibu, na kanisani niliimba mapambio yote.

Niliporudi saa saba, baba alikuwa amepiga magoti kwenye saruji na suruali yake ya kanisani. Alikuwa amechelewa kwenye kikao cha wazee wa kanisa, akamkuta. Kobe alikuwa ndani ya karai lile lile alilokuja nalo, kwenye maji machache, kinywa wazi, povu puani. Ndugu yangu alikuwa amechuchumaa akimfunika kwa mwavuli. Baba alikuwa anammwagia maji shingoni kwa kikombe, kidogo kidogo, akimwongelesha.

Ndugu yangu aliinua macho. "Siste, si ulipitia hapa ukienda chachi?"

Hakukuwa na njia nyingine ya kufika getini, na sote tulijua. Nilifungua mdomo. Baba hakunipa nafasi.

"Mwache dada yako," akasema, bila kuacha kumwaga maji. "Kosa ni langu. Fahali akishindwa hukimbia, lakini huyu angekimbilia wapi na kuta hizi? Na kwetu, mwenye fahali aliyeshinda ndiye huingia kwanza na fimbo kuwatenganisha. Yeye hilo hajui. Sikuwahi kumpeleka."

Kisha akanitazama. "Mama, ulikuwa hujui, sivyo?"

Katika maisha yangu yote baba hakuwahi kuchukua upande wangu mbele ya ndugu yangu namna ile. Nilikuwa nimeungoja tangu nikimenya ndizi.

"Sikujua, baba," nikasema.

Mgeni alipona. Alifumbua macho jioni ile na siku ya tatu akala. Wiki hiyo mimi na ndugu yangu tuliweka ukuta. Nilimwonyesha pa kuchimba, nikamwambia mabati na si waya, shubiri moja chini, sahani mbili, maji mawili, kivuli kila upande. Alichimba kwa muda, kisha akasimama akiegemea jembe.

"Hizi vitu zote umezijulia wapi?"

Nikasema nilielezwa na mtu wa agroveti.

"Lini?"

Ningeweza kusema jana. "Mwezi wa tano," nikasema, sijui kwa nini, labda nilikuwa nimechoka.

Aliutazama mlango wa jikoni ambapo baba alikuwa anakoroga chai. Halafu akarudi kuchimba. Hakumwambia baba, si siku hiyo wala baadaye. Wiki mbili zikapita akapata chumba Kayole, kwa rafiki mwenye kiuwanja nyuma, akaondoka na begi na karai. Funguo za chumba cha nyuma aliniachia juu ya cherehani. Hata wema huo niliuonea wivu, kwa sababu mimi nisingeuweza.

Siku hizi Jumamosi baba huvaa kofia akaenda Kayole, na huaga vizuri. Kobe wangu bado hupita kando ya mabati asubuhi, akinusa, ingawa upande wa pili hakuna mtu.

Desemba tulienda nyumbani, na alfajiri ya pili baba akagonga mlango wangu. Ndugu yangu hakuwa amesafiri. Tulitembea sisi wawili kwenye umande, ngoma mbele yetu, na wanaume walipoanza kunung'unika baba aliwaambia huyu ni mama yake. Mafahali waliposhikana hadi mmoja akageuza mgongo, mzee mwenye fahali aliyeshinda alikimbia kati yao na fimbo, wa kwanza kabla ya wote. Baba akanishika begani.

"Umeona?" akasema. "Ndiyo ile niliyokuambia."

Nikasema nimeona. Akanieleza tena yote polepole, kama anavyoelezwa mtoto ambaye hakujua, nami nikaitikia kila neno.