Hotuba Yangu ya Marekani Katika Sabla ya Wanaume

Mpaka leo nikiwaona watu wa familia ya wale wageni wa siku ile katika duka kubwa la Al Khuwair, hapa Maskati, nageuza kigari changu najifanya natazama sabuni, maana nawajua, wataniuliza tu, "Bi Zuwena, habari za Marekani?" na watacheka, na haki yao kucheka, kwa sababu mie mwenyewe nikikumbuka nikiwa peke yangu garini najifunika uso kwa mkono mmoja (wa pili uko kwenye usukani, msiogope). Nyie nawahadithia kwa kuwa ni wenzangu, na kwa kuwa najua mshasikia nusunusu kutoka kwa wengine, na hao wengine wametia chumvi.

Yote yalianza na Ruqaya. Ruqaya ni binti wa Khala Thuwaiba, na Khala Thuwaiba ni dada wa marehemu mama yangu, kwa hiyo tumekua pamoja, tumeshonewa nguo za kitambaa kimoja kila Idi, na kila Idi watu walimsifu yeye kwanza kisha wakanigeukia mimi na kusema, "Na wewe pia, mashallah." Akaenda Marekani kusoma, akaolewa huko, akaachwa huko, akakaa miaka, kisha akarudi akapata kazi ya kufundisha chuo kikuu na akahamia kwa mama yake Al Khoudh. Aliporudi nilifurahi sana. Furaha ile ilidumu kama wiki mbili hivi.

Sasa, kwetu kila Ijumaa tunakula chakula cha mchana kwa Khala, wake kwa waume pamoja maana ni sisi kwa sisi, na zamani mazungumzo yalikuwa nani kaoa, nani kajenga, na nani kapandishwa cheo wizarani na hakustahiki. Aliporudi Ruqaya mazungumzo yakawa Marekani. Akishanawa tu anaanza: nchi tajiri vile, lakini mtu akiachishwa kazi na bima ya matibabu nayo inamtoka, akiugua shauri yake, matajiri wana njia elfu za kukwepa kodi na mfagizi hana hata moja, wafanyakazi wakitaka kuunda chama wanatishwa, na wanasiasa wanachukua pesa za kampeni kutoka kwa wale wale wanaotakiwa kuwadhibiti. Anasema kazi ya serikali ni kumkinga mnyonge, siyo kumhubiria ajitegemee. Na anasema vizuri, siwafichi. Mkono unapanda, mkono unashuka, bangili zinalia.

Na mume wangu Nassor anaacha tonge mkononi. Nassor huyu, ambaye mie nikimwambia dari la jikoni linavuja ananijibu "mmh" na macho hayatoki kwenye simu, alikuwa anasogea mbele kabisa anamuuliza, "Sasa Ruqaya, wewe unaona suluhisho nini?" Suluhisho! Mie tangu niolewe sijaulizwa suluhisho la kitu chochote, hata la lile dari. Tena haishii hapo, anamuuliza na mambo mengine, una mpango wa kurudi huko, unaona maisha ya Maskati unayaweza, unapenda kukaa nyumba ya peke yako au na watu, na kila swali lilikuwa linanichoma hapa, maana Ruqaya hana mume, Nassor ana uwezo, na sheria inamruhusu. Nilikuwa silali. Niseme kweli, nilikuwa namwonea wivu mpaka nikimwona anakunywa maji naona anakunywa kwa majisifu.

Ijumaa moja nikasema basi, na mie nina mdomo. Ruqaya alikuwa katikati ya bima, nikamkatiza, "Lakini kama bima yenyewe ghali, kwa nini wasiende tu hospitali ya serikali?"

Wakacheka nyumba nzima. Nilikuwa nimeuliza kama mtu wa hapa, mtu ambaye maisha yake yote akiugua anakwenda hospitali ya serikali anatibiwa anarudi nyumbani, haikunipitia akilini kwamba kuna nchi kubwa vile ambayo mtu wa kawaida hana mlango huo. Ruqaya akasema, "Zuwena habibti, hiyo ndiyo shida yenyewe," kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza. Nassor alicheka kuliko wote.

Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Wiki nzima, nikitoka kazini, nakaa ndani ya gari kwenye maegesho ya wizara, nasikiliza vipindi vya siasa za Marekani, kisha najirekodi kwenye simu nikizisema hoja kwa maneno yangu. Na wallahi humo katikati kuna jambo lilinishika kwelikweli, silo la Ruqaya, langu: kwamba kule hakuna sheria ya nchi nzima ya kumlipa mama mshahara wake akiwa kwenye likizo ya uzazi. Mie nilipomzaa Said nililala nyumbani na mwanangu na mshahara wangu unaingia, nikadhani dunia nzima ndivyo ilivyo. Nikawafikiria wale wanawake wanaorudi kazini kidonda hakijakauka, katika nchi yenye manowari kila bahari, nikalia kidogo pale maegesho. Nikaiona hoja hiyo yatosha kumnyamazisha yeyote.

Tatizo ni kwamba Ruqaya akinitazama nasahau. Nikapanga hivi: kile kidude cha kusikilizia kisicho na waya nitakitia sikioni chini ya shela, nani atakiona, simu itakuwa mkobani, nitabonyeza, nitajisikia mwenyewe nikisema, nami nitafuatisha. Nikajiona nina akili kuliko chuo kikuu kizima.

Ijumaa hiyo tunafika, Khala ananiambia leo wanawake tutakaa ndani na wanaume watakula sabla (ndicho kile chumba cha mbele chenye mlango wake wa nje, cha kupokelea wageni wa kiume), kuna wageni wa Nassor. Sikuuliza wageni gani. Huku kwetu walikuwamo mabibi wawili nisiowajua, wamevaa vizuri, wamewekwa karibu na Ruqaya, na Ruqaya hajamaliza hata kumimina kahawa ameshaanza, vyama vya wafanyakazi, kima cha chini cha mshahara, na wale mabibi wanatingisha vichwa, "Mashallah, mashallah, msomi." Nikashindwa kujizuia. Nikaingiza mkono mkobani, nikabonyeza.

Sikusikia kitu. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza tena mpaka mwisho, nikajifanya najikuna juu ya shela nikikisukuma kile kidude ndani, wapi. Kumbe nilikuwa nimesahau jambo moja: tulipofanya khitma ya marehemu mume wa Khala, mie ndiye niliyeiunganisha simu yangu kwa blututhi na spika kubwa ya sabla, ili wanaume wasikilize Qurani kabla ya kuanza kusoma. Tangu siku hiyo simu yangu ikiingia tu nyumba ile inaitafuta spika ile, na leo ilikuwa imeipata kabla haijakipata kile kidude changu.

Watoto walikuwa wanapiga kelele kwa hiyo hatukusikia mara moja. Mara Khala akawanyamazisha, na kutoka upande wa sabla ikaja sauti ya mwanamke, kubwa, inayojiamini, inazungumzia Marekani. Mwanamke, sabla! Nikamtazama Ruqaya, yupo mbele yangu na birika mkononi. Sasa huyu nani tena? Nikasikia anasema habari za likizo ya uzazi, hoja yangu ile ile, na wanaume kimya kabisa wanamsikiliza, na Nassor yumo, na wivu ukanipanda upya, wa pili juu ya ule wa kwanza, nikasema moyoni ndiyo haya, mmoja hajanitoka rohoni na mwingine kesha kuja, tena huyu anasema vizuri kuliko Ruqaya.

Kisha yule mwanamke akasema: "Zuwena, polepole. Hapa Nassor ataweka tonge chini. Usimtazame Ruqaya."

Mie sijawahi kuijua sauti yangu kutoka nje, nyie. Ndipo nikaijua. Na sauti ikaendelea, kwa sababu siku ile pale maegesho nilikuwa nimetoka kulia na nikasahau kuzima: "Mtu kaachwa huko kaja kutufundisha serikali. Mume mwenyewe hakumweza atamweza rais? Na wewe Nassor, kama ni mwanamke wa kukwambia habari za bima unamtaka, unaye ndani ya nyumba, mjinga we, miaka yote unaye ndani."

Nikaukamata mkoba, simu ikaniponyoka, ikaingia chini ya kochi, nikalala kifudifudi na shela langu la hariri nikiitafuta mbele ya mabibi wale, na kile kidude kikanitoka sikioni kikabiringika mpaka miguuni kwa Ruqaya. Sauti ikakatika ghafla. Nilikuja kuambiwa kwamba ni Nassor aliyechomoa waya ukutani, baada ya mgeni mmoja mzee kuuliza, "Redio gani hii?" na yeye ikabidi aseme, "Si redio, ami. Mke wangu."

Khala Thuwaiba akanivuta jikoni. Hakupandisha sauti, ndiyo nikajua nimeharibu. "Wale wamekuja kumposa Ruqaya," akasema. "Mwenzake Nassor wa kazini, kafiwa na mke. Nassor ndiye alokuwa kati, ndo maana kila Ijumaa akimuuliza maswali, yule bwana katuma ajue kama atakubali kukaa hapa, ana fikra gani, ni mtu wa namna gani. Siye sote tulikuwa tunajua."

"Mbona mie sikuambiwa?"

Khala akanitazama. "Nnakujua wewe, mwanangu. Tuliogopa hasadi."

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko spika. Wakati ule nililiona dogo, aibu ya sabla ilinijaa, lakini sasa hivi nikilala ndilo linalokuja. Nyumba nzima walikaa wakanificha harusi ya mtoto wa khala yangu kama watu wanavyoficha chakula kwa paka.

Posa yenyewe haikuvunjika, alhamdulillah. Yule mzee alicheka mpaka akatoka machozi, na mposaji akasema nyumba ambayo hata mashemeji wanagombania sera za matibabu haitamchosha. Ruqaya akaja jikoni akanirudishia kidude changu, kakifuta na karatasi, akaniambia, "Ile ya likizo ya uzazi kali sana, Zuwena. Mie sijawahi kuisema vile." Nilimwomba radhi. Niliomba kwa dhati, lakini moyoni kitu kikasema, ndiyo, hujawahi.

Njiani kurudi Nassor aliendesha, redio inaimba, mpaka barabara kuu. Nikangoja matusi, nikangoja "umenivunjia heshima". Akazima redio, akapunguza mwendo, akanigeukia kidogo. "Mama Said," akasema, "wale wazazi wa kule wasio na likizo. Ulikuwa unasema vizuri, halafu ukaniingia mimi. Nilikuwa nataka kusikia mwisho wake. Wewe unaona serikali yao ifanye nini?"

Uso ule ule. Ule wa kuacha tonge mkononi. Nilioutamani mwaka mzima, umenigeukia mimi ndani ya gari, na jibu ninalo, nimelikariri wiki nzima, na mie huyu huyu, sijui shetani gani, nikafungua mdomo nikasema, "Kamuulize Ruqaya."

Akarudisha macho barabarani. Akawasha redio.

Ruqaya kaolewa, na juzi nimemwona mumewe anamsikiliza mbele za watu huku kahawa inampoa mkononi. Mie kidude nimekitupa, spika nimeifuta kwenye simu, na sijirekodi tena maishani mwangu, hilo nimeapa. Na nimeapa jingine: siku Nassor akiniuliza tena, nitajibu hapo hapo, hata tukiwa mbele ya ukoo mzima. Hajaniuliza.