Mtindi wa Mama Mkwe

Hadi leo nikienda dukani hapa kijijini kwetu Misiera napita njia ya nyuma, na kosa ni langu mwenyewe.

Watafiti kutoka Mbarara walitugawia mtindi wenye bakteria wa kutuliza tumbo. Tulitakiwa kunywa kikombe kila asubuhi kwa wiki tatu, kisha tupeleke kinyesi kidogo kikapimwe. Mimi niliposikia bakteria nikawaona wadudu. Lakini nilikuwa nimeshajiandikisha, na sabuni ya washiriki nimeshaipokea. Basi kila asubuhi nikampelekea mama mkwe kikombe changu, nimepiga magoti kwa heshima. Majirani walinisifu, nami sifa nikazipokea.

Siku ya majibu nilisimama mbele ya wote nikashuhudia, kama tunavyoshuhudia kanisani, kwamba tumbo langu limepona kabisa.

Daktari wa wale watafiti aliangalia karatasi yake. Akaeleza kwamba bakteria wao wana alama yao katika vinasaba, na mashine imeiona kwa kila aliyekunywa. Kwangu haikuona kitu.

"Basi mashine yenu imeharibika," nikasema.

Mama mkwe akainuka kunitetea. "Munisikilize. Ile maziwa ananipatiaka mimi kila asubuhi. Tumbo yenye ilipona ni yangu. Muke ya mutoto wangu iko na roho ya muzuri, anajinyimaka."

Wanawake wakapiga makofi. Daktari hakupiga.

"Mama," akaniambia, "si wewe uliniuliza mara tatu kama hii wadudu inaweza kuua mtu?"

Makofi yakakatika. Mama mkwe akanitazama, kisha taratibu akaweka mkono tumboni.