Baba alitumwa kupima mapazia, akarudi amechora nyumba nzima

Wakuu, shikamooni wakubwa, vijana marahaba kabla hamjasema.

Nina miaka themanini na ushee, mjukuu ndiye anani-typia. Hii sio chai, niliona kwa macho yangu.

Gisenyi, Rwanda, miaka ya hamsini. Baba alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Mbugangari. Umri hamsini na mbili, hajawahi kuchora hata kuku.

Siku moja Bi Zaina, mjane mwenye nyumba kubwa karibu na ziwa, akamwita apime madirisha amshonee mapazia.

Baba akachora dirisha moja asije akasahau. Likamvutia. Akachora la pili. Akahamia kwenye baraza na matao yake, akapima kila kitu kwa futi ya kushonea!

Akarudi nyumbani anacheka peke yake. Upana wa mapazia hakuuandika kabisa.

Basi ikawa ndiyo hivyo. Posta kachora. Kanisa kachora, na sisi Waislamu! Suruali za watu zimelala.

Mama akachoka. "Baba Mariamu, watu wanataka nguo, we uko unachora milango?"

"Angalia hii tao kwanza," Baba akamjibu. "Mutu alijenga hii alikuwa na akili!"

(Mariamu ndiye mimi.)

Sasa kule kwetu volkano ni majirani, ardhi hutikisika. Mtikisiko mmoja ukaangusha baraza ya Bi Zaina. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Mwashi kutoka Kanama akasema ataweka nguzo za miti tu, matao hajui yalivyokaa. Bi Zaina akalia. Marehemu mumewe ndiye aliyeyajenga.

Baba kusikia hivyo, mbio na karatasi zake. Nikamfuata.

Mwashi akazitazama weeee. "Nani alichora hii?"

"Mimi."

"We si fundi wa nguo?"

Baba akaona haya. "Ndiyo. Lakini hii tao nilipima mara mbili."

Wakuu, wakajenga kwa ile michoro! Baba kila siku yuko juu ya ngazi na mwashi wanabishana. Tao la kwanza lilipokamilika, Baba akapiga takbiri, mwashi akapiga ishara ya msalaba, Bi Zaina akapiga vigelegele. Mimi nilirukaruka mpaka kiatu kikanitoka.

Jioni ile Mama akaweka karatasi mpya mezani.

"Bon. Sasa chora nyumba yetu. Jiko nataka iangalie ziwa."

Baba akamtazama kama bwana harusi. "Madirisha ngapi?"

Nilichojifunza: mtu mzima akianza kupenda kitu, msimcheke haraka. Huenda ndiyo kwanza amejikuta.

Haya, nani hapa ameanza jambo ndevu zikiwa nyeupe? Tiririkeni, miwani ninayo, nasoma comment zote.