Kisu cha Faradji na nyati wa Kanzenze

GISENYI, 1956. Fahali amelazwa ubavu nyuma ya bucha, miguu yote imefungwa kamba, na Faradji anamnyemelea kutoka mgongoni akiwa na kisu mkononi. Anapiga goti, anakamata pembe, anavuta kichwa nyuma na kupitisha shingoni mgongo wa kisu, si makali: ni mazoezi tu. Fahali anakoroma na kurusha kichwa. Faradji anabwagwa matopeni chali.

"Angekuwa mbogo, we ulishakufa!" anacheka mpita njia mmoja. Mbogo ndilo jina la nyati katika mji huu.

"Cheka!" Faradji anafoka, akijipangusa. "Ile nyama si ulikula na wewe? Cheka vizuri!"

Mtu yule anaacha kucheka na kwenda zake.

Faradji ni mchinjaji katika mtaa wa Waswahili hapa Gisenyi, kama alivyokuwa baba yake, aliyefika na misafara ya chumvi na vitambaa kutoka Ujiji. Hajawahi kumwona nyati akiwa mzima. Jumamosi atapanda misitu ya juu ya Kanzenze kumkata mmoja shingo kabla roho haijamtoka, na mwindaji ni Mzungu mwenye shamba la pareto ambaye naye hajawahi kumpiga nyati wake mwenyewe. Kwa wote wawili itakuwa mara ya kwanza.

Chanzo cha yote ni Dauda, mpishi wa Mzungu huyo. Mwaka jana alimfuata bwana wake kwenye uwindaji wa wageni, akarudi na mapande ya nyati na kisu chenye damu. Wapagazi ni Waislamu wa mtaa huu, na ujira wao mkubwa ni nyama. Walimuuliza Dauda kama alimuwahi mnyama kabla hajafa. Akaapa alimuwahi. Faradji akamwamini, akatundika nyama buchani na kuwaambia watu waile kwa raha, ni halali.

Wiki chache baadaye msasi Bimenyimana, Mkristo wa Kanzenze aliyekuwapo kwenye uwindaji ule, alikuja kununua maini, na katika mazungumzo akatoboa.

"Mi nilidhani munajua," Bimenyimana anasema hata leo kwa masikitiko. "Ile mbogo ilishakufa zamani. Ilikuwa baridi. Dauda alikata shingo ya maiti."

Kibudu! Mtaa mzima ulikula kibudu, wazee kwa watoto, na wengine walipeleka mapande kwa wakwe. Dauda alikimbilia Goma, na bora abaki hukohuko. Lakini Faradji hana pa kukimbilia. Zamani ng'ombe wake aliisha kabla ya adhuhuri. Sasa mapaja yanashinda msumarini na inzi. Wanaokuja wanauliza kwanza, "Hii ulichinja wewe, ama uliambiwa?"

"Wananiuliza mimi!" anasema, na shingo inamtoka mishipa. "Mimi mutoto wa muchinjaji! Mi nimeshika kisu tangu sijaota ndevu, leo mutoto wa jana ananiuliza kama niliona damu ikiruka. Dauda alichukua jina yangu akapangusia mikono."

Ndiyo maana wapagazi walipoitwa tena mwaka huu, walitoa sharti moja: hawainui hata mguu wa nyati mpaka Faradji mwenyewe awe amemkata. Naye amekubali. Mkewe, Saidati, mama wa binti yao Zaituni, hakubali hata kidogo.

"Ayi we! Nyama ya nini ya kufia?" anauliza akiwa jikoni, akigonga mwiko kwenye sufuria. "Mbuzi haziko Gisenyi? Samaki zimeisha ziwani?"

"Haiko mambo ya nyama, mama."

"Basi ni mambo ya kiburi, donc!"

Kabla hajajibu, anaingia Nsengiyumva, kapita anayesimamia vibarua wa shamba la pareto, mtu mpole anayechukia kutumwa maneno ya namna hii. Faradji alikuwa amepeleka ombi: Mzungu apige risasi moja ya kumwangusha nyati, asiongeze ya kummaliza, amwachie nafasi ya kisu.

"Bwana amesema bon, sawa, risasi moja," anasema Nsengiyumva huku akitazama chini. "Lakini mbogo ikiinuka, atapiga. Hata kama uko juu yake. Hatangoja utoke."

Mwiko wa Saidati unatulia. Faradji anamsogelea kapita.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo, kaka. Unaweza kukataa. Ukate akisha kufa tu, nani atajua?"

Hapo ndipo hasira inapompanda Faradji mpaka kofia inamdondoka. "We Nsengiyumva! Na wewe unaniletea maneno ya Dauda ndani ya nyumba yangu? Kamuambie bwana yako nimekubali. Moja tu apige!"

Kapita anaaga na kuondoka. Saidati anaketi kwenye kigoda na kulia kwa sauti, bila kujificha, akimwita mumewe mwendawazimu. Faradji anakaa karibu yake. Mpango wake, anasema, ni kufungua bucha Jumatatu na nyama ya nyati ambayo hakuna atakayeiulizia. Kisha anamshika mkewe mkono na kumpa wasia, polepole, ili asikosee akiwaeleza wengine.

"Kama itaniua mbele ya kisu kufika, hiyo nyama ni kibudu. Unasikia, mama Zaituni? Watu wasikule kwa kunihurumia."