Sindano ya Lugha

Nilikwenda Uarabuni nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba kuna sindano ya lugha. Habari hiyo niliipata Mombasa, kwenye baraza la kahawa, kwa mtu ambaye shemeji yake alikuwa na rafiki aliyewahi kuwa mpishi melini. Alisema Wasaudia wamepata mafuta mengi hata wamechoka nayo, basi wamekwenda kwa Wajerumani wakanunua dawa. Ukishuka tu Jedda unadungwa mkono wa kushoto, unapata homa, na homa ikishuka Kiarabu kimeshaingia, chote, pamoja na matusi yake. Wanaanza na vibarua, alisema, kisha watadungwa walimwengu waliobaki, na mwisho dunia nzima itasema lugha moja kama watoto wa tumbo moja.

Mwingine angecheka. Mimi nilikuwa nimehitimu shule ya jioni, na msomi hacheki ovyo. Tena habari ile ilinikuta tayari nimejiandaa, maana mtihani wetu wa mwisho ulikuwa insha: je, ulimwengu uwe na lugha moja? Niliandika mpaka kalamu ikaomba maji. Nilisema vita ni kutoelewana, dhuluma ni kutoelewana, hata mke na mume wakirushiana masufuria shida yao ni lugha tu. Mwalimu alinipa alama mia na tano kati ya mia, na ninakumbuka kama alifuta chozi. Kwa hiyo niliposikia kwamba Wajerumani wamekwisha kuitengeneza dawa yenyewe, nilichoshangaa ni kuchelewa kwao.

Jedda tulipangwa foleni na watu wa afya, mikono ya mashati imekunjwa. Nilimwomba mdungaji anizidishie kidogo, kwa kuwa kichwa changu kilikwisha kulimwa na kina nafasi. Alinisukuma mbele. Nyuma yangu alikuwa mtu mzima mmoja kutoka Pemba, mwembamba, mrefu, mchuma karafuu maisha yake yote, mwenye kifua cha mtu aliyezoea kupanda miti. Huyo ndiye aliyekuja kuwa jirani yangu wa kitanda. Sote tulimwita Mpemba, naye akaniita Mwalimu.

Mimi homa ilinipanda vizuri sana. Nilitetemeka mpaka kitanda kikahama kutoka ukuta huu kwenda ule. Yeye hakupata kitu.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi sisikii hata joto."

"Yako ilitiwa maji, kaka. Rudi ukadungwe tena."

"Nikidungwa mara mbili si nitatoka kadhi? Nani atabeba magunia?"

Magunia yenyewe yalikuwa Riyadh, Al-Sulay, kwenye maghala. Tulipelekwa huko kwa lori, siku nzima jangwani. Wakati ule mji ule ulikuwa ukijengwa kama vile watu wanakimbizwa. Palipokuwa na mchanga asubuhi, jioni pana ghorofa, na kila ghorofa ilianzia kwetu, mgongoni. Kazi yetu ilikuwa kushusha simenti kwenye malori na kuipanga ghalani, kisha kuitoa ghalani na kuipakia malori mengine. Magunia yalikuwa ya karatasi, yakipasuka mikononi. Tulikula simenti, tukapiga chafya za simenti, na nasema kweli, mtu akilia machozi yalianguka kokoto.

Humo ghalani tulikuwa Wayemeni, Wapakistani, Waeritrea na sisi wa pwani. Sindano yangu ilikuwa bado haijatoa matunda, lakini sikuhofu, kwa maana lugha moja tulikuwa nayo. Ilikuwa na maneno yasiyojaa kiganja. Yalla: haya, twende. Halas: imekwisha. Mafi: hakuna. Kwa mafi peke yake ungeweza kuishi umri mzima. Mafi maji, mafi mshahara, mafi barua, mafi mama. Nilimwambia Mpemba, unaona, dunia inakuja kwenye insha yangu polepole. Akafikiri, akasema, "Lugha hii ni nzuri kwa punda, Mwalimu. Punda naye ndiyo maneno anayoambiwa."

Aliyetuambia maneno hayo alikuwa msimamizi. Kafili mwenyewe, yule tajiri aliyetuleta na aliyekaa na karatasi zetu, tulimwona kwa nadra, kioo cha gari kikiwa kimeshushwa kidogo. Msimamizi ndiye aliyekuwa baba na mama. Alikuwa na jino la dhahabu mbele na alichechemea mguu wa kulia. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: dhambi zake zote zimekaa upande mmoja.

Kwa kuwa hakuna aliyejua Kiswahili ila sisi wachache, tulijifariji kwake. Asubuhi akipita tulimwinamia kwa adabu tukimwambia, "Hujambo jini la simenti," na "Umeamkaje, jino refu." Naye hutupa uso mkavu na kusema yalla. Ilikuwa ndiyo chai yetu. Siku moja nge alikuwa akipita karibu na kiatu chake, Mpemba akasema kwa sauti ya kawaida, "Nge huyo," na msimamizi akainua mguu. Wenzangu wakatazamana. Mimi nikawafafanulia kwamba hatari haina lugha, hata ng'ombe angeinua. Wakaridhika, maana nilikuwa msomi wao.

Kikohozi cha Mpemba kilianza kama cha wote. Kisha cha wote kikawa kikipoa usiku na chake hakipoi. Akaanza kukaa kitako kitandani kwa kuwa akilala chali pumzi haiji. Alikuwa na kifuko cha karafuu alichotoka nacho kwao. Alikinusa kama vile mtu anavyofungua dirisha. Asubuhi moja, wakati wa kutawadha, nikaona mate yake mchangani yana wekundu, naye akayafukia kwa kidole cha mguu bila kunitazama.

Alichotaka kilikuwa kidogo sana. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na ghala la mbao, lisilo na vumbi lile. Watu wa mbao walikuwa wakibadilishwa kila mara. Ama ahamishiwe huko apumzishe kifua, ama apewe ruhusa aende hospitali. Hospitali ilikuwepo, tena nzuri, tuliona taa zake. Lakini bila ikama, ile karatasi ya ukaazi, huwezi kwenda popote, polisi watakukamata njiani, na ikama zilikuwa kwa kafili. Neno la msimamizi ndilo lililokuwa ufunguo.

"Wewe ndiye utakayenisemea," Mpemba akaniambia. "Wewe sindano yako ilishika."

Nilikubali kwa furaha. Nilikuwa ninangoja saa ile. Niliamini Kiarabu cha dawa kimejificha ndani yangu kama maji kisimani, na haja ikiwa ya kweli kitapanda chenyewe. Tena nyuma yake nilikuwa na akiba: Kiarabu cha chuoni, cha Kurani. Sisi watoto wa pwani wote tumekaa kwenye mkeka tukasomeshwa kwa kiboko. Tunasoma herufi kwa sauti nzuri hata Mwarabu akasimama kusikiliza. Ni kosa la kwetu hilo, kudhani kwamba aliyesoma kwa sauti ameshajua kusema. Mtu anaweza kuhitimu chuo kwa sherehe, na halwa ikaliwa, na asiweze kuomba chumvi.

Tulimkuta msimamizi mlangoni pa ghala, adhuhuri, watu wakiwa wamejilaza kivulini. Nikasimama mbele yake, Mpemba ubavuni mwangu. Nikafungua mdomo, nikaingoja sindano.

Haikuja. Nikatafuta neno la kifua. Nililijua kutoka mahali pamoja tu, kwenye dua ambayo kila mtoto wa chuo anaijua, ya kumwomba Mungu akukunjulie kifua na kukufungua ulimi. Basi nikaishika dua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kifua ndani yake. Nikaisoma yote kwa mahadhi, nikimwonyesha Mpemba kwa kidole kila nilipofika mahali pa kifua.

Wayemeni wakaamka. Wapakistani wakaketi. Kila mtu aliijua dua ile. Wakainua mikono, wakaitikia kwa pamoja, "Amin." Mmoja akafuta uso kwa viganja. Msimamizi naye akainua mikono, akasema amin, kisha akasema yalla.

Ningecheka, lakini Mpemba hakuondoka. Aliniweka kando kwa mkono, taratibu, kama unavyosogeza pazia. Akamwambia msimamizi kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwao Pemba, bila kupandisha sauti:

"Bwana, mimi naumwa. Kifua changu chatoa damu. Niweke kwenye mbao hata wiki hii tu, au nipe ruhusa nikatazamwe. Nikifa hapa, wanangu hawatajua hata nililala upande gani."

Msimamizi alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama yeyote kati yetu. Nikafikiri anatafuta kuelewa, na moyoni nikamwonea huruma kwa kuzaliwa mbali na lugha yetu. Kisha akatazama gari la kafili lililokuwa limesimama uwanjani, na akasema yale maneno mawili ambayo kwa lugha ya ghala ni sijui, sielewi.

"Mafi malumu."

Akaondoka akichechemea.

"Umeona?" nikamwambia Mpemba tuliporudi kwenye magunia. "Ndiyo insha yangu. Si ubaya, ni lugha."

"Pengine," akasema. Akakohoa, akaegemea gunia, akanusa karafuu zake. "Lakini mimi sikumsikia akiuliza nimesema nini."

Aliendelea kubeba. Tulimpokea magunia njiani tulipoweza. Myemeni mmoja mzee alikuwa akimchukulia na la kwake, bila neno. Ikafika siku, baada ya lori la asubuhi, alikaa juu ya magunia akaegemeza kichwa ukutani. Tukamwacha tukidhani anavuta pumzi. Msimamizi akaja, akamwambia yalla. Akasema tena yalla. Akainama, akamgusa shavu kwa nyuma ya mkono. Akavua kilemba chake, akamfunika uso.

"Halas," akasema. Ndilo neno alilolitumia pia lori likiisha.

Tulimzika jioni ile ile nje ya mji, kwenye kaburi la mchanga, jiwe kichwani lisilo na jina, kama wanavyozika huko, tajiri na maskini. Hilo nililipenda. Nisilolipenda ni kwamba nilipogeuka mara ya pili mawe yote yalikuwa yamefanana, na sikuweza tena kusema ni lipi. Alivyohofia ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka huo huo kafili alituhamishia Jedda, bandarini. Ijumaa ya kwanza nikaenda Karantina na kikoi cha marehemu, kofia yake na kile kifuko, kumtafuta shangazi yake, ambaye alikuwa akinitajia. Karantina ni mtaa wa mabati na vijia, Waafrika wa kila aina, na humo akikaa huyo bi mkubwa tangu alipokimbia mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne. Siku za kazi alikuwa akipika kwa madam mmoja mtaa wa Al-Safa. Ijumaa akiuza vitumbua mlangoni pake.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Habari ya msiba ilikwisha kumfikia, lakini si namna yake. Nikamsimulia. Alikinusa kifuko, akakiweka chini ya mto. Halafu nikafanya kama nifanyavyo. Nikaanza kumliwaza kwa insha. Nikamwambia mtoto wake hakuuawa na mtu, ameuawa na ndimi nyingi. Nikasema laiti ulimwengu ungekuwa na lugha moja, yule msimamizi angemwelewa, na leo Mpemba angekuwa anakula kitumbua hiki.

Aliniacha nimalize. Akageuza vitumbua.

"Mwenyewe alimwomba?"

"Alimwomba, mara moja. Kwa Kiswahili, maskini."

"Msimamizi huyo yukoje?"

"Ana jino la dhahabu. Anachechemea."

"Mguu wa kulia?"

"Wa kulia."

Kitumbua kimoja kikaanza kuungua.

"Huyo ni mtoto wa muuza nguo wa Wete, kwetu Pemba," akasema. "Mguu aliuvunja kwa kuanguka mkarafuu, mimi nilikuwepo. Mamake anakaa kijia cha pili hapo. Mama huyo Kiarabu hajui hata cha kuombea maji. Mwanawe akija kumtazama husimama hapo ulipokaa, ananunua vitumbua, ananiita shangazi."

"Lakini alisema haelewi."

"Alielewa."

"Labda amesahau, bi mkubwa. Miaka mingi."

"Hajasahau. Huko Riyadh amejiandikisha Mwarabu wa Hadhramaut. Akijibu Kiswahili mbele ya kafili, kesho anabeba magunia na nyinyi."

Nikakumbuka nge, na kiatu kilivyoinuka. Nikakumbuka kila asubuhi tulivyomwita jini, naye akituangalia. Kichwa changu, chenye alama mia na tano, kilitafuta mahali pa kushika, na kikapata pamoja tu.

"Basi huenda yeye naye alidungwa," nikasema. "Ile sindano. Huenda kwake iliingiza Kiswahili."

"Sindano gani?"

Nikamweleza yote: Wajerumani, mkono wa kushoto, homa, na dunia ya lugha moja. Hakucheka. Aliepua kikaango, akanitazama kama ninavyodhani alivyomtazama Mpemba alipokuwa mtoto.

"Ile ni ya kipindupindu, mwanangu," akasema. "Hudungwa kila anayeshuka."