Maji ya Kwanza

Mgeni akiuliza njia ya kwa Jecha Shaame, watu wa Mgogoni walimjibu, "Fuata pua." Na kweli, hakuhitaji zaidi. Ukishaupita msikiti na kuteremka bondeni kuelekea mikokoni, harufu ilikupokea kabla ya mwenyeji: harufu ya chokaa, ya magome ya mkoko yaliyochachuka majini, na ya ngozi mbichi ambayo bado haijaamua kama itaoza au itadumu.

Babu yake ndiye aliyeyachimba mashimo yale ya kulazia ngozi, na ukoo mzima ukaitwa watu wa shimoni. Jina hilo halikuwa tusi, wala halikuwa sifa. Makubadhi ya maharusi yalitoka kwao, na ala za visu, na vifuko vya hirizi, na ngozi za kuwambia madufu ya maulidi. Hakuna nyumba isiyokuwa na kitu cha mkono wao. Lakini arusini watu wa shimoni walikaa karibu na mlango, na hakuna aliyehitaji kuwaambia. Jecha alipokwenda kuposa, wazee walimsifu ustadi wake, wakamnywesha kahawa, wakamwambia binti bado mdogo. Aliyemkubali ni Bi Time, mjane mwenye ulimi mkali. "Mume wangu wa kwanza akinukia udi," alisema, "na sikufaidi kitu."

Palikuwa na siku moja tu katika mwaka ambayo Jecha hakukaa mlangoni. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, kabla ya mfungo, mtu wa shimoni alipeleka msikitini ndoo mpya ya ngozi ya kutekea maji ya udhu. Ndoo hiyo haikuuzwa. Ilikuwa hidima, utumishi wa ukoo kwa msikiti, tangu enzi ya babu. Imamu aliifunga kwenye kamba ya makumbi, akaitumbukiza kisimani, akavuta. Na maji yale ya kwanza hayakuwa ya imamu, wala ya wazee, wala ya matajiri wa karafuu. Yalimiminwa juu ya mikono ya aliyeishona. Watu wote walisimama wakangoja mpaka Jecha amalize kutawadha, kisha wakampisha, akasali safu ya mbele. Siku hiyo hakuwa na harufu. Mwaka mzima mtu yule aliishi akiingojea.

Ndipo ikaja siasa.

Mwaka wa sitini na moja watu walipiga kura mwezi wa Januari, pakakosekana mshindi, wakapiga tena mwezi wa Juni. Baina ya kura hizo mbili, Mgogoni iligeuka. Watu waliokuwa jirani wakawa wa huku na wa kule. Wa huku hakununua chumvi katika duka la wa kule. Mke aliachwa kwa sababu kaka zake wako kule. Mzee akifa kule, wa huku walipita na majembe yao mabegani kana kwamba kaburi linalochimbwa ni la paka. Mwisho wakafika kwenye kisu: nyama iliyochinjwa na wa huku, wa kule hali, iliyochinjwa na wa kule, wa huku anaitemea mate. Waislamu wa kibla kimoja, bismillahi moja, kisima kimoja! Nani aliwafundisha haya? Walioyafundisha walirudi mjini kwa motokaa, wakawaachia wanakijiji kazi ya kuchukiana.

Baada ya kura ya Juni, wa huku walichinja fahali uani kwa Suud bin Sleiman, mwenye shamba la mikarafuu juu ya msikiti. Suud mwenyewe aliileta ngozi shimoni, maana yeye na Jecha walijuana tangu utoto. Ilikuwa ngozi nzuri, nene, bila kovu la kupe. Jecha aliitia chokaa, akaiparua manyoya, akailaza kwenye magome. Miezi ikapita. Vuli ilipoanza aliitoa, akaiwamba kivulini, na moyo wake ukamwambia kwamba ndoo ya mwaka huo itakuwa bora kuliko zote.

Siku hiyo akatokea Himid, mchinjaji wa upande wa kule.

"Asalaam alaykum, fundi."

"Wa alaykum salaam. Karibu, kama pua inakuruhusu."

Himid hakucheka. "Hino ndo ngozi ya ndoo ya msikiti?"

"Ndiyo."

"Ngozi ya nani?"

"Ya ng'ombe."

"Yakhe, miye si ntoto. Ng'ombe wa nani? Nani kashika kisu?"

Jecha angeweza kusema imetoka Wete. Ngozi haikuwa na unyoya hata mmoja, na hakuna jicho ambalo lingeitambua. Lakini watu wa shimoni walikuwa na mwiko mmoja: asili ya ngozi haidanganywi, kwa sababu mnunuzi haioni.

"Fahali wa Suud," alisema.

"Basi sie hatutawadhi kwa ndoo hiyo."

"Himid, hata mzoga, ngozi yake ikilala shimoni inatoharika. Mwalim Khatib katusomesha miye na weye, ubao mmoja."

"Mzoga haukunitukana mkutanoni," alisema Himid, akaondoka.

Jecha akapanda kwa Mwalim Khatib, imamu wa msikiti. Mzee yule alimsikiliza huku akiukunja na kuukunjua ukingo wa msala wake.

"Hukumu naijua, Jecha. Ngozi yako ni safi. Lakini nikiitamka juu ya mimbari, nusu ya watu watasema nimehamia kwa Suud."

"Na usipoitamka, Mwalim?"

"Nitasali na wote, kwa siku chache zilizobaki." Akainamisha kichwa. "Niwie radhi."

Njiani kurudi, Jecha akapata shauri, na shauri lile lilimfurahisha hata akaongeza mwendo. Alipita kwa Himid akamwomba ngozi ya mnyama aliyemchinja yeye mwenyewe. Himid akampa ya mtamba, nyepesi, ambayo ingewahi kuiva. Kila upande utapata ndoo, na hakuna atakayekimbia msikiti.

Bi Time alipoiona ngozi ya pili, aliweka chini mchi.

"Jecha, ndoo moja wataigombania, wachoke. Mbili watagawana. Na kilichogawanywa hakirudi kuwa kimoja."

"Bora wagawane ndoo kuliko kugawana msikiti."

"Haya. Lakini weye utatawadha kwa ipi?"

Jecha alidhani ni ule ulimi wake tu. Akaukamata msharasi wake wa kutobolea ngozi, akashona, mshono kwa mshono, ndoo mbili za kimo kimoja na pete za mti mmoja, hata yeye mwenyewe akiziweka pamoja alihitaji kuzipapasa ili azitofautishe. Alifikiri kazi njema itatosha.

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani ikafika. Jecha alioga mapema, akavaa kanzu yake ya pekee, akapanda na ndoo zake, moja kila mkono. Watu walikuwa wameshajaa kisimani, makundi mawili, na nafasi katikati yao ya kupitisha punda. Mwalim Khatib akazifunga ndoo kwenye kamba mbili, ya fahali wa Suud upande wa huku, ya mtamba wa Himid upande wa kule. Jecha akasogea ukingoni, akainama kidogo, akakinga mikono yake miwili kama alivyokinga baba yake.

Imamu akanyosha mkono kwenye kamba moja.

"Siyo hiyo, Mwalim," alisema Suud. "Ya kwanza kushonwa ni ile."

"Ya kwanza kwa nani?" Himid akadakia. "Mwalim, vuta iyo iyo uliyoishika!"

Mkono wa mzee ukaiacha kamba, ukaenda kwenye nyingine. Wa kule wakanguruma. Ukarudi.

"Mwachie avute mwenyewe," sauti ikasema nyuma, "tumjue!"

"Kweli," alisema Suud, kwa upole, na upole wake ndio uliouma. "Fundi, kamata kamba moja tu. Wala hatutakuchukia. Siku zote hizi hatujajua weye wa wapi."

"Mimi wa shimoni," alisema Jecha.

"Shimoni si chama!" alisema Himid. Na kwa mara ya kwanza tangu kura ya Juni, wa huku na wa kule wakacheka pamoja.

Jecha alibaki amekinga mikono. Imamu alimtazama, akazitazama kamba, kisha akashusha mikono yake kama mtu aliyetua mzigo wa mwenziwe njiani. "Jecha, mwanangu, wakati unaingia. Nenda katawadhe kwako."

Akateremka. Bi Time alimwona uso, akateka kata ya maji mtungini, akammiminia mikononi.

"Maji ni maji, mume wangu."

"Si haya," alisema Jecha, akayaacha yadondoke chini. Hakurudi kusali Ijumaa ile.

Ubaya wa ndoo zile haukuonekana siku moja. Kabla yazo walikuwepo wengi waliokaa kimya: wazee, wajane, watu waliokuwa na shemeji huku na wajukuu kule, waliokuja kusali na kuondoka bila kuulizwa. Sasa kila mtu alilazimika kuikamata kamba moja, na macho yote yako kisimani. Kura hupigwa kwa siri. Ndoo za Jecha ziliwafanya watu wapige kura mara tano kwa siku, hadharani. Waliokuwa kimya wakaanza kusali majumbani. Waliobaki walikuwa ni wale wenye hasira tu, na msikiti wa watu wenye hasira tu hauna wa kusuluhisha. Haikufika Hija, wa kule wakajijengea banda lao la makuti chini ya mgomba wa mwisho, na Mwalim Khatib akabaki na nusu ya safu. Wa huku walitia debe la bati kisimani. Ngozi hawakuitaka tena, ya mtu yeyote. Na shimoni hapakuja mteja, maana kila upande uliamini kwamba Jecha ni wa upande wa pili.

Shaabani iliyofuata hakuna aliyemwomba ndoo. Ijumaa ya mwisho alipanda peke yake asubuhi, kisimani hakuna mtu. Ndoo moja ilikuwa imetundikwa kwenye mti, nyingine imetupwa majanini. Ndoo ya ngozi huishi kwa maji; ikikaa kavu hupasuka, na zote mbili zilikuwa zimepasuka. Alizipapasa midomo, hakuweza tena kujua ipi ni ipi. Akazichukua.

Bi Time alimkuta ameziweka ndani ya shimo la babu yake, naye anavuta udongo kwa jembe.

"Ngozi ikipasuka inarudi?" alimwuliza.

"Hairudi."

"Basi mbona unazitia shimoni?"

Jecha akaendelea kufukia. Juu ya bonde adhana ilianza msikitini, na kabla haijafika katikati nyingine ikaanza bandani, zikaingiliana hata maneno hayakusikika. Bi Time alikwenda kuchukua kata. Aliporudi na maji, shimo lilikuwa limeshajaa udongo, na Jecha alikuwa ameshajifuta mikono kwa majani.