Jina la Mtoto wa Rugamba

Watu husema mimi Kaliza ni mkali. Ni kweli, na sitaki kupona. Bila ukali, binti wa wakimbizi aliyekulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, angefikaje Kigali na bunduki begani? Ilikuwa Desemba 1993. Mkataba wa amani ulikipa kikosi chetu jengo moja kilimani, katikati ya mji, na adui, jeshi la serikali, alituzunguka pande zote. Asubuhi vijana wao walikuja chini ya ukuta kutuzomea, ati tuchague makaburi mapema. Sisi tulipiga mswaki tukiwatazama.

Kazi yangu ilikuwa kusoma barua. Kila barua ya askari ilipita mkononi mwangu kabla ya kupanda lori la kuni, ambalo askari wa Umoja wa Mataifa walilisindikiza hadi kwa wenzetu wa kaskazini. Amri ilikataza kutaja mahali, idadi ya watu, au jina la mtu mwingine yeyote asiye mwandikiwa. Nikiona, napaka wino mweusi. Wenzangu walininunia. Wanune.

Koplo Rugamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko huko Karagwe kabla ya vita. Mkewe, Umuhoza, alibaki kwa baba mkwe wake, mzee Bizimana, akiwa mjamzito. Mzee hakumsamehe mwanawe kwa kuacha chaki na kushika bunduki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndizo salamu alizomtumia. Sasa kwetu mtoto hupewa jina siku ya nane, na baba ndiye mwenye neno. Mzee akaleta ujumbe kwamba baba asiposema mwenyewe wala kuandika, yeye atamwita mjukuu Ntawuruhunga, yaani kifo hakuna akikimbiaye. Alikuwa ameshamhesabu mwanawe na wafu.

Rugamba aliposoma hayo alicheka kwa hasira. Akaketi juu ya sanduku la risasi, akaandika kurasa mbili. Barua ikanifikia na nyingine arobaini, lori linapiga honi, mimi nimechoka. Katikati ya ukurasa wa pili nikaona jina, Sibomana. Jina la mtu. Sikujisumbua kusoma sentensi iliyotangulia. Nikapaka wino.

Jibu la Umuhoza lilikuja mwezi wa Machi. Mtoto wa kiume alizaliwa salama. Siku ya nane ukoo ulikusanyika, barua ikafunguliwa, na mahali pa jina palikuwa na doa jeusi. Mzee Bizimana akasema hata jeshi lake limemkataa, akamwita mtoto lile jina lake la kifo. Umuhoza akasimama mbele ya wakwe zake, jambo asilothubutu mke yeyote kwetu, akasema jina hilo halitatoka mdomoni mwake. Tangu hapo alimwita mwanawe "mtoto" tu, akisubiri.

Rugamba hakunipigia kelele. Afadhali angepiga, ningejua la kujibu. Aliiweka barua ya mkewe mezani pangu.

"Afande, umemfuta mwanangu."

Nikajitetea. Amri ni amri, nikamwambia, na kwa nini hakuja kunieleza kwanza? Nilipojisikia nikisema hivyo, nilijichukia. Maji yalikuwa yameshamwagika. Naye akaendelea kwa upole.

"Hao wanaotuchagulia makaburi si Mungu. Na baba yangu naye si Mungu. Ndiyo maana nimemwita Sibomana, yaani wao si Mungu."

Nikamsukumia karatasi. Akaandika upya, jina hilo kwa herufi kubwa, mara tatu. Sikugusa hata nukta. Nilijiambia mkuu wangu akiuliza nitajibu, na akitaka kuniadhibu aniadhibu. Barua ikaondoka na lori mwanzoni mwa Aprili, na halikwenda lori jingine tena.

Siku chache baadaye vita vikawaka na mauaji yakaenea mji mzima. Tulitoka kwenye lile jengo tukipigana, tukiwatoa majumbani watu waliokuwa wakiwindwa. Rugamba aliuawa mtaa wa Nyarutarama wiki ya pili, alipobaki nyuma kumkinga mama mmoja, Daphrose, avuke barabara na watoto wake. Walivuka wote. Rugamba hakupata kujua kama barua yake ilifika. Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Mwezi wa Agosti, vita vimekwisha Kigali, likaja fungu la barua za askari. Msomaji alikuwa bado ni mimi. Moja iliandikwa jina la Rugamba, kwa mwandiko wa Umuhoza. Nikaifungua, maana ndiyo kazi yangu.

"Sibomana ameota meno mawili," aliandika. "Babu yake anamwita kwa jina hilo, kwa sauti kubwa, majirani wasikie. Anauliza utakuja lini akuombe radhi."

Nililia, sifichi. Kisha nikakaa kuandika jibu mwenyewe. Amri ile ilikuwa haijaondolewa. Nikataja Kigali, nikataja Nyarutarama, tarehe na saa. Nikaandika jina la Rugamba, la Daphrose, na la kila mtoto aliyevuka ile barabara. Chini kabisa nikaandika langu, na kwamba mimi ndiye niliyepaka wino ule wa kwanza. Anayetaka kufuta hata neno moja hapo, na aje. Atanikuta.